Waya ya nyumba na wageni waliofika: historia ya uzi wa shaba hadi kwetu Masisi na Walikale

Hivi karibuni mama mmoja alinisimamisha kwenye barabara inayotoka Goma kwenda Sake. Nyumba yake ya mbao ina vyumba vitatu. Marehemu mume wake ndiye aliyeifunga umeme: taa tatu, prizi mbili, watu sita ndani. Leo mama huyo anahifadhi familia tatu zilizoteremka kutoka vilima vya Masisi na moja iliyotoka upande wa Walikale. Jioni moja prizi ya sebuleni ilianza kunuka plastiki inayoungua, na ubao nyuma yake ukawa mweusi.

"Mwanangu, ninyi wa redio mnajua mambo," akaniambia. "Hatukuongeza hata taa moja. Waya ni ile ile ya baba. Kwa nini iungue sasa?"

Mimi si fundi wa kurani. Nilimwomba mama anipe muda, nikaenda kuuliza mafundi na kusoma. Nilichokuta ni historia ndefu kuliko nilivyofikiri, na sehemu yake ilipita hapa hapa kwetu. Kabla ya waya kuleta umeme katika nchi hii, ilikuwa pesa, na watu walijua vizuri sana kuchagua unene wake.

Turudi mwaka 1871. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani aliyetumwa kumtafuta Livingstone, yuko Unguja anafunga mizigo ya msafara. Hajui anunue nini, kwa hiyo anawauliza wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili waliozoea safari za bara. Wanamweleza habari za kitambaa na shanga, na wanamfahamisha kwamba ng'ambo ya ziwa Tanganyika, yaani upande wetu, waya ina thamani kupita hivyo vyote. Tena si waya yoyote. Wanamwambia achukue namba 5 na namba 6, unene unaokaribia ule wa waya ya telegrafu ya wakati huo. Akanunua frasila 10, karibu kilo 160, na wapagazi wakazibeba mabegani kutoka Bagamoyo.

Namba 5 na 6 za Kiingereza za zamani ni waya ya kipenyo cha milimita 5 hivi. Ukiikata na kuangalia uso wake, unapata kama milimita 20 za mraba. Yaani mpagazi wa mwaka 1871 alibeba waya nene kuliko yoyote iliyofungwa leo katika nyumba ya yule mama. Ilikuwa shaba ya manjano, ile inayochanganywa na zinki, na kazi yake ilikuwa kuwa bangili, pambo au malipo ya chakula.

Hizo namba zina asili yake. Waya hutengenezwa kwa kuvuta fimbo ya madini kupitia tundu, kisha tundu dogo zaidi, kisha dogo zaidi tena. Kadiri ilivyovutwa mara nyingi ndivyo namba ilivyopanda na waya ikawa nyembamba. Ndiyo maana katika mtindo wa Waingereza na Wamarekani namba kubwa ni waya ndogo. Kila kiwanda kilikuwa na namba zake hadi Waingereza walipoweka kipimo kimoja cha serikali mwaka 1884. Sisi tulitawaliwa na Wabelgiji, kwa hiyo tunahesabu kwa milimita za mraba: moja na nusu, mbili na nusu, nne, sita. Namba kubwa, waya kubwa. Ukipata waya iliyoletwa na jamaa kutoka Marekani, usidanganyike na namba yake.

Baadaye ile Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II, kuanzia 1885, ilitumia vipande vya waya ya shaba ya manjano vilivyoitwa mitako kulipia chakula na kazi kwenye mto Kongo. Mitako ikaendelea kufupishwa mwaka hadi mwaka, maana kila aliyeishika alikuwa na faida ya kukata kidogo. Mzee aliyepokea mtako alikuwa anapima urefu na unene kabla ya kuukubali. Nafikiri mababu zetu walikuwa wakali mbele ya waya kuliko sisi tunavyokuwa leo mbele ya butike ya vifaa vya umeme.

Na shaba nyekundu, ile yenyewe inayopitisha umeme vizuri, ilikuwa ya kwetu. Katanga walikuwa wakiiyeyusha karne nyingi kabla ya mzungu kufika, wakitengeneza misalaba iliyozunguka kama pesa, na mafundi wa Msiri walijua kuivuta kuwa waya. Mwaka 1906 ikaundwa kampuni ya Union Minière, na 1911 tanuru la Lubumbashi likatoa shaba ya kwanza ya kiwanda. Leo Kongo inahesabiwa ya pili duniani kwa kuchimba shaba, nyuma ya Chile. Inatoka kama mabamba, inapita bandarini, inarudi kwetu ikiwa rola ya waya kutoka ng'ambo, na wakati mwingine inayorudi si shaba. Hilo nitalifikia.

Sasa, nani aligundua kwamba unene wa waya una maana katika umeme? Mjerumani Georg Ohm aliandika mwaka 1827 kwamba waya yenyewe inapinga umeme unaopita. Ikiwa ndefu mara mbili, inapinga mara mbili. Ikiwa na uso mpana mara mbili, inapinga nusu. Mwaka 1841 Mwingereza James Joule akaonyesha jambo la pili, ambalo ndilo jibu la swali la mama: joto la waya halipandi sawa na umeme unaopita. Umeme ukipita mara mbili, joto ni mara nne. Ukipita mara tatu, joto ni mara tisa.

Vitabu vilikuwapo, lakini watu walilazimika kulipia hasara kwanza. Mwaka 1858 kampuni moja ililaza waya ya simu chini ya bahari ya Atlantiki, kutoka Ireland hadi Newfoundland. Mtaalamu William Thomson alikuwa ameshauri shaba iwe nene. Mkubwa wa umeme wa kampuni, Wildman Whitehouse, ambaye kwa asili alikuwa daktari wa upasuaji, aliona unene huo ni gharama ya bure, na waya ikatengenezwa nyembamba. Salamu za malkia Victoria kwa rais wa Marekani zilikuwa na maneno 98, na zilichukua saa 16 kufika. Whitehouse akafikiri dawa ni kusukuma umeme kwa nguvu zaidi, kama volti 2,000. Baada ya wiki tatu hivi waya ikanyamaza kabisa chini ya bahari, na pesa zote zikabaki huko. Ile iliyolazwa mwaka 1866 ilikuwa na shaba karibu mara tatu kwa kila maili, na ikafanya kazi. Mwaka 1879 waya ya namna hiyo ikafika Unguja kutoka Aden, ndipo pwani ya Waswahili ikaanza kupata habari za Ulaya siku hiyo hiyo. Sisi wana redio ni wajukuu wa kazi hiyo.

Thomson huyo huyo, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alirudi kwenye jambo hili mwaka 1881. Alisema hivi, kwa maneno yangu: waya nyembamba ni rahisi siku ya kununua, lakini kila siku inakula umeme na kuugeuza joto. Waya nene ni ghali siku ya kununua, kisha inakaa kimya. Unene unaofaa ni pale gharama ya shaba kwa mwaka inapolingana na gharama ya umeme unaopotea kwa mwaka. Mtu anayelipia mafuta ya gurupu kila jioni angefaa kuifikiria hesabu hiyo.

Mwaka uliofuata, tarehe 4 Septemba 1882, Thomas Edison akawasha kituo chake cha mtaa wa Pearl, New York, kwa volti 110. Kilichomsumbua zaidi ilikuwa bei ya shaba ya kuzika chini ya barabara. Kwa volti ndogo kama hizo hakuweza kufika mbali, kwa hiyo alilazimika kuweka mashine karibu na wateja. Wapinzani wake wakachukua njia nyingine: pandisha volti juu sana, umeme unaopita kwenye waya unapungua, na waya nyembamba inaweza kwenda mamia ya kilomita. Umeme wote wa mbali duniani unasafiri hivyo hadi leo.

Kongo tuna mfano ambao ni fahari na ni uchungu pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wa Zaire, laini ya Inga hadi Kolwezi ilimalizika, karibu kilomita 1,700, kwa volti 500,000. Ilijengwa ili kuupeleka umeme kwenye migodi ya shaba. Vijiji vilivyo chini yake viliendelea kuwasha vibatari, kwa sababu umeme wa aina ile hauwezi kuchotwa njiani bila mtambo mkubwa wa kuugeuza. Waya inapita juu ya paa lako na wewe uko gizani.

Upande wetu wa mashariki historia ni nyingine. Bwawa la kwanza la Ruzizi lilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, la pili mwaka 1989 kwa ushirikiano na Rwanda na Burundi, na kutoka huko SNEL iliufikisha umeme Bukavu na Goma. Sheria ya Juni 2014 ikafungua mlango kwa wengine. Bwawa la Matebe kule Rutshuru, la hifadhi ya Virunga, likazinduliwa Desemba 2015 na kufika Goma, na mwaka 2020 kampuni ya Nuru ikawasha mtambo wa jua wa megawati 1.3 ndani ya mji. Mgodi mkubwa wa bati wa Bisie, Walikale, ulioanza kazi ya kiwanda mwaka 2019, unajitengenezea umeme wake. Lakini vijiji vingi vya Masisi na Walikale havijaona nguzo. Huko kila nyumba ni kampuni ya umeme: pano moja, batri moja, gurupu ya jirani, na mtu mwenye koleo anayeitwa fundi. Na vita inapokuja, hata wa mjini wanarudi huko huko. Januari 2025 umeme ulipokatika Goma na pampu za maji zikasimama, wengi walitafuta waya yoyote, ya urefu wowote, kuvuta moto kutoka kwa mwenye batri.

Hapa niseme kosa letu wenyewe. Miaka fulani nyuma nilifanya kazi kwenye redio ndogo juu ya kilima huko Masisi. Vyombo vyetu vyote, transmita, mikisa na kompyuta, vilikula kama wati 100. Kwa kuogopa wezi, batri za volti 12 tuliziweka kwenye kibanda cha mlinzi, mita 12 kutoka studio. Muuzaji alitupa waya ya 1.5, tukashukuru kwa sababu ilikuwa rahisi.

Mchana jua likiwaka mambo yalikwenda. Jioni, saa ya habari, wakati familia zilizohama zinasubiri kujua kama barabara ya Sake iko wazi au kama kijiji chao kimetulia, onduleri ilianza kulia, kisha ikajizima. Tulidhani batri ni mbovu. Tulinunua nyingine kwa pesa za mchango, nayo ikafanya vile vile. Wasikilizaji wakaanza kusema tunazimishwa kwa amri ya wakubwa. Katika eneo letu uvumi kama huo unaweza kumhamisha mtu usiku na watoto mgongoni.

Akapita fundi mmoja mzee, aliyewahi kufanya kazi za umeme kwenye misheni. Hakuzigusa batri. Aliomba karatasi. Wati 100 kwa volti 12, akaandika, ni ampea 8 na kitu. Umeme unakwenda na unarudi, kwa hiyo mita 12 ni mita 24 za shaba. Alizidisha 24 kwa 0.0175, ambayo ni tabia ya shaba yenyewe, akagawa kwa 1.5, akapata 0.28. Akazidisha kwa ampea 8.3: volti 2.3 zilipotea njiani. Batri ilitoa 12, studio ilipokea chini ya 10, na onduleri imetengenezwa ijizime ikifika 10 na nusu. Mchana pano zilikuwa zinasukuma hadi 14, ndiyo maana ilivumilia.

"Mnaweza kununua waya ya 10," akasema, "mtapoteza theluthi moja tu ya volti. Au mhamishe batri." Tukazihamisha jioni ile ile hadi chumba cha nyuma ya studio, mita 2, kwa kipande cha waya ile ile. Habari zikasomwa hadi mwisho. Yaani tulifanya kama Edison, tulisogeza mashine kwa mteja. Angeweza pia kuiacha onduleri kando ya batri na kuvuta volti 220 kwa mita zile 12, na hata robo ya volti moja isingepotea. Nimeikumbuka hesabu hiyo kila mara ninapoona mtu anavuta volti 12 kutoka nyumba hadi nyumba kwa waya ya spika ya redio.

Kwa volti ndogo, basi, waya nyembamba inakunyima umeme. Kwa volti 220 hatari ni nyingine, ni moto wa kuunguza. Na hapo tunamrudia mama wa barabara ya Sake.

Nilikwenda kwake na fundi kijana. Zamani prizi ile ilibeba pasi moja, wati 1,000, kama ampea 4 na nusu. Siku hizi jioni resho mbili za wati 1,500 zinawashwa pamoja kwa kirefusho kimoja, kwa sababu kila familia ina chungu chake, na mtu anapiga pasi sare za shule. Jumla wati 4,000, ampea 18. Umeme umeongezeka mara nne, kwa hiyo joto kwenye waya na kwenye maungio limeongezeka mara 16. Mama alikuwa na haki, hakuna taa iliyoongezwa. Kilichoongezeka ni watu, na waya iliyo nyuma ya ubao ilichaguliwa kwa watu sita. Simu zote za wageni, ambazo ndizo alizozilaumu kwanza, hazifikishi hata wati 150.

Fundi alifungua. Waya ya prizi ilikuwa 1.5, ambayo kwa kawaida ni ya taa. Prizi hufungwa kwa 2.5 na dijonkteri isiyozidi ampea 20, taa kwa 1.5 na ampea 10 au, ikizidi sana, 16. Fizibu ya zamani ilikuwa imefungwa kwa kipande cha waya iliyosokotwa. Watu wengi hufanya hivyo fizibu ikikatika, bila kujua kwamba fizibu ndiyo waya pekee nyumbani inayochaguliwa iwe nyembamba kwa makusudi, ili iungue yenyewe kabla nyumba haijaungua. Ukiweka waya nene mahali pake, kinachobaki kuungua ni ile ya ukutani.

Tukaenda sokoni. Butike ya kwanza ilituonyesha waya iliyoandikwa 2.5, bei nzuri sana. Kijana aliishika mkononi, akasema ni nyepesi. Akaikwangua kwa kisu: nje nyekundu, ndani nyeupe. Ni aluminiamu iliyopakwa shaba, ambayo inapitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba kamili na maungio yake hulegea upesi. Muuzaji hakukasirika, alitoa rola nyingine chini ya meza. Jihadharini pia na yule anayepima kipenyo na kukuambia milimita ni milimita. Waya ya milimita 2.5 za mraba ina kipenyo kisichofika milimita 1.8. Na ile ya nyuzi laini, angalia shaba, usiangalie plastiki, maana wapo wanaonenepesha plastiki peke yake.

Mama hakuwa na pesa ya kubadilisha nyumba nzima, na wageni wake hawana. Fundi alivuta laini moja mpya ya 2.5 kutoka kwenye dijonkteri yake ya ampea 16 hadi ukuta wa jikoni, na resho zote zikahamia huko, moja kwa wakati. Wamama wa zile familia walipanga zamu. Ampea 16 hazitoshi resho mbili na pasi pamoja, na wakisahau zamu dijonkteri inaweza kuruka, wote wanaijua sauti yake sasa. Watoto wanapiga makofi.

Ile waya yetu ya mita 12 kule kilimani hatukuitupa. Iliachwa hadi kibanda cha mlinzi, ikawasha taa moja ya wati 5, na kwa kazi hiyo ilitosha kabisa.